Kupima Amri za Kitatuzi kwa Mashine: Ruwaza, Majibu na Suala la Lugha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua namna amri za kitatuzi zinavyopimwa na mashine pasipo mtu kukaa mbele ya kompyuta akiandika amri moja baada ya nyingine. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya mafundi na wanahisabati peke yao. Hata hivyo, ukiichunguza kwa makini utaona kwamba kiini chake ni kulinganisha sentensi na ruwaza, na kwamba uamuzi mmoja unaofanywa ndani yake kwa sababu za kiufundi unaigusa moja kwa moja hatima ya Kiswahili katika kompyuta.

Yafaa kwanza istilahi zielezwe. Kitatuzi ni programu inayotumika kuichunguza programu nyingine wakati inapoendeshwa, ili ijulikane hitilafu iko wapi. Waingereza na Wamarekani huiita hitilafu hiyo “mdudu”, na husimuliwa mara nyingi kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, ambapo nondo alikutwa amenasa ndani ya kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, akabandikwa katika daftari la kazi. Kisa ni cha kweli, lakini si asili ya neno: mafundi wa Marekani walikuwa wakilitumia tangu zama za Thomas Edison, katika karne ya 19. Kiswahili hakikulazimika kumfuata mdudu huyo. Maneno “hitilafu” na “kasoro” yalikuwapo tayari na yanatosha.

Msomaji wa Kisangani anaweza kukielewa kitatuzi kwa kuwatazama Wagenya katika maporomoko ya Boyoma. Wavuvi hao husimika magogo katikati ya maji yaendayo kasi, kisha hufunga matenga yenye umbo la pia mahali ambapo mkondo utampeleka samaki wenyewe. Mto hausimamishwi, mvuvi huchagua tu mahali, naye hurudi kuangalia kilichoingia. Programu nayo ni mkondo: hutiririka maelfu ya hatua kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kitatuzi humwezesha mtumiaji kuweka kituo katika mstari fulani, na mkondo ukifika hapo husimama, hata vilivyomo viweze kuangaliwa. (Hapa mlinganisho unakoma, kwani hakuna Mgenya awezaye kuusimamisha mto Kongo.)

2.0 Kitatuzi na madhara ya jibu la uongo

Mifano ya makala haya imechukuliwa katika GDB, kitatuzi cha mradi wa GNU. Kiliandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, kwa kufuata mfano wa kitatuzi kilichokuwa kikitumika katika Unix ya Berkeley, nacho kingali kinaendelezwa hadi leo na watu wengi wa nchi mbalimbali. Hutumiwa kwa mstari wa amri. Yaani kitatuzi huonyesha alama ya mwaliko, ambayo ni jina lake ndani ya mabano. Mtumiaji huandika amri. Kitatuzi hujibu kwa maandishi. Kisha mwaliko hurudi. Amri “break” huweka kituo, “run” huanzisha programu, “next” huisogeza mstari mmoja mbele, “print” huonyesha thamani ya kitu, na “backtrace” hutoa orodha ya miito iliyoifikisha programu hapo ilipo.

Chukulia kwamba mwanafunzi ameandika programu ya kujumlisha idadi ya samaki katika matenga matano, nayo inatoa jumla isiyo sahihi. Anaweka kituo ndani ya kitanzi, anaiendesha programu, anauliza thamani ya jumla. Kitatuzi kikimjibu 12 ilhali kumbukumbu ya kompyuta ina 15, mwanafunzi huyo ataitafuta kasoro mahali ambapo haipo. Atabadilisha mistari iliyokuwa sahihi. Huenda akamaliza siku nzima, na mwisho ajilaumu mwenyewe. Programu ya kawaida ikikosea, kuna kitatuzi cha kuisaidia. Kitatuzi kikikosea hakuna mtu anayekishuku, maana ndicho kipimo. Ni hali ya mganga mwenye kipimajoto kibovu: mgonjwa atapewa dawa ya homa asiyokuwa nayo.

Kwa hiyo kitatuzi lazima kipimwe, na kipimwe upya kila mara kinapobadilishwa. Ugumu ni kwamba GDB ina mamia ya amri pamoja na amri ndogondogo, hufanya kazi katika aina nyingi za vichakato, na huchunguza programu zilizoandikwa kwa C, C++, Fortran, Ada na lugha nyinginezo. Mtu akisahihisha namna amri ya “print” inavyoonyesha safu za namba, anaweza bila kujua kuharibu namna inavyoonyesha matini. Hakuna binadamu awezaye kuandika maelfu ya amri hizo kwa mkono kila jioni na kuyasoma majibu yote bila kuchoka, na msomaji aliyechoka huona kile alichotarajia kukiona.

3.0 Jinsi mashine inavyozungumza na kitatuzi

Ufumbuzi ulipatikana kwa kuunganisha zana tatu. Ya kwanza ni Tcl, lugha ndogo ya programu iliyobuniwa na John Ousterhout huko Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya pili ni Expect, iliyoandikwa na Don Libes na kutangazwa mwaka 1990. Ya tatu ni DejaGnu, iliyoandikwa na Rob Savoye mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni ya Cygnus, na ambayo jina lake linachezea msemo wa Kifaransa unaojulikana na kila mwanafunzi wa Kisangani: jambo lililokwisha kuonwa linaonwa tena.

Expect ndiyo moyo wa kazi. Kitatuzi kilitengenezwa kizungumze na mtu, hivyo Expect hukihadaa. Huomba mfumo wa kompyuta utengeneze kituo bandia cha mtumiaji, chenye kila dalili ya kibodi na kioo, na kitatuzi hudhani kuna mtu upande wa pili. Kisha Expect hutuma amri na kusubiri. Kila herufi inayotoka hulinganishwa na ruwaza iliyowekwa na mwandishi wa jaribio. Ruwaza ikipatikana, jaribio limefaulu. Kikija kitu kingine, limeshindwa. Na kama hakuna kinachokuja, Expect haingoji milele: kwa kawaida yake husubiri sekunde 10, ikakata tamaa na kuliandika jambo hilo.

Mwanaisimu hatapata taabu kuielewa ruwaza. Ni maelezo ya umbo ambalo matini mengi yanaweza kulichukua, kama vile mtu anaposema kwamba kitenzi cha Kiswahili huanza na kiambishi cha nafsi, kikafuatiwa na cha wakati, kisha mzizi. Tofauti ni kwamba mashine haina akili ya kusamehe. Hukubali kila kinacholingana, hata kama si kilichokusudiwa. Na hukataa kila kisicholingana, hata kama maana ni ileile. Hapa ndipo palipo na mitego mingi, nayo inastahili kuangaliwa mmoja mmoja.

Mtego wa kwanza ni wa mwangwi. Amri inapotumwa, kituo cha mtumiaji huirudisha kiooni kama ilivyoandikwa. Mwandishi wa jaribio akituma “print 5” na ruwaza yake ikawa 5 tu, jaribio litafaulu kwa kuuona mwangwi wa swali, hata kama kitatuzi hakikujibu lolote. Ni sawa na mwalimu anayempa mwanafunzi alama kwa kuwa amenakili swali kwa hati nzuri. Kwa sababu hiyo ruwaza huandikwa pamoja na alama ya sawasawa inayotangulia jibu, ambayo haimo katika swali.

Mtego wa pili ni wa mwisho wa jibu. Ruwaza inayotafuta “sawasawa na 1” huridhika pia na 15 na 1966, kwa kuwa zote zinaanza na 1. Tena, Expect ikiridhika kabla mwaliko haujarudi, mwaliko huo utabaki njiani na kuchukuliwa kuwa ni jibu la amri inayofuata. Kuanzia hapo kila swali litapewa jibu la swali lililolitangulia, na majaribio kadhaa yaliyo mazima yataanguka kwa pamoja kwa kosa la moja. Utaratibu wa GDB, unaoitwa gdb_test, unaondoa matatizo haya mawili kwa mkupuo: baada ya ruwaza ya mwandishi huongeza wenyewe mwisho wa mstari na alama ya mwaliko. Jibu halihesabiwi kuwa limekamilika mpaka kitatuzi kiwe tayari kupokea amri nyingine.

Mtego wa tatu ni wa alama zenye maana maalumu. Katika ruwaza, nukta haimaanishi nukta bali herufi yoyote; ruwaza ya 3.14 huikubali 3514 bila wasiwasi. GDB nayo huonyesha thamani kwa kutanguliza alama ya dola na namba ya jibu, na kwa bahati mbaya dola ina maana moja katika ruwaza na nyingine tofauti katika Tcl. Mwandishi hana budi kuzikinga alama hizo kwa mlazo, na wakati mwingine kuzikinga mara mbili, hata mstari wa jaribio ukafanana na ukuta wa vigingi. Wengi waliojaribu kazi hii wanakiri kwamba makosa yao ya kwanza hayakuwa ya kitatuzi bali ya mlazo.

Kuna pia vitu vinavyobadilika kila siku bila kosa la mtu. Anwani za kumbukumbu huweza kutofautiana katika kila mwendo wa programu, na jina la saraka hutegemea kompyuta. Ruwaza nzuri huyaachia haya nafasi na kuyashika yasiyobadilika. Mpaka kati ya mambo hayo si rahisi kuuchora. Fikiria jaribio linalotafuta neno “Stanleyville” katika orodha ya miji ya Kongo. Lingefaulu mpaka mwaka 1966, kisha lingeanza kushindwa, ingawa mji haukuhama wala watu wake hawakuhama. Hivyo ndivyo majaribio mengi ya kitatuzi yanavyoanguka: sentensi imeandikwa upya, tabia haikubadilika.

Majaribio yenyewe yamepangwa katika saraka kwa kufuata mada: moja kwa amri za msingi, nyingine kwa C++, nyingine kwa programu zenye nyuzi nyingi za utendaji, na kadhalika. Kwa kawaida kila faili la jaribio huambatana na programu fupi ya kuchunguzwa, ambayo hutafsiriwa upya kwa lugha ya mashine kabla jaribio halijaanza. Faili mojawapo linalovutia hukipima kitatuzi kisipopewa programu yoyote: huzituma amri karibu zote, moja baada ya nyingine, na kuhakikisha kwamba kila moja inajibu kwa adabu kuwa hakuna programu inayoendeshwa au hakuna faili lililofunguliwa, badala ya kuanguka. Kuangalia chombo kinavyojibu swali lisilo na maana ni kipimo kizuri kuliko kinavyodhaniwa.

Matokeo hayaishii kwenye kufaulu na kushindwa. Lipo jaribio lisilofanyika kwa sababu mashine haina uwezo unaotakiwa. Lipo lililokatika kabla ya hukumu. Lipo linalotarajiwa kushindwa kwa sababu ya kasoro iliyo nje ya kitatuzi, kwa mfano katika mfumo wa kompyuta. Na lipo linaloshindwa kwa kasoro ya kitatuzi chenyewe ambayo imekwisha kuandikishwa na kupewa namba. Tofauti ya hayo mawili ya mwisho yaweza kuonekana ndogo, lakini ni ya haki: kosa la jirani lisiandikwe kwa jina la mwenye nyumba, na kosa la mwenye nyumba lisifichwe kwa jina la jirani.

4.0 Lugha ya majibu

Yote yaliyoelezwa yanasimama juu ya dhana moja, nayo ni kwamba majibu ya kitatuzi yako katika Kiingereza. Ruwaza inayotafuta sentensi ya Kiingereza haitaiona sentensi ya Kiswahili yenye maana ileile. Waandishi wa majaribio ya GDB wanalijua hilo, na mwanzoni mwa kila mwendo huweka mazingira ya kompyuta katika hali iitwayo C, yaani hali isiyo na tafsiri, bila kujali lugha aliyoichagua mwenye kompyuta. Kiufundi uamuzi huo ni sahihi. Pasipo huo, jaribio lililofaulu Chicago lingeshindwa Paris, na hakuna ambaye angejua kama ni kitatuzi kilichoharibika au ni lugha iliyobadilika.

Lakini uamuzi huo una upande wa pili. Sentensi za GDB zimewekewa alama ili ziweze kutafsiriwa kwa utaratibu wa gettext wa mradi wa GNU, ambamo kila sentensi ya Kiingereza hupewa mwenzake katika faili la lugha husika. Kiswahili kina haki ya kuingia katika utaratibu huo, kama kilivyoingia katika programu za ofisini mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice. Siku sentensi hizo zitakapotafsiriwa, maelfu ya majaribio yatapita juu yake bila kuisoma hata moja. Mtumiaji wa Kiingereza atapata majibu yaliyopimwa kila siku; mtumiaji wa Kiswahili atapata majibu ambayo mpimaji wake wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Hatari si ya kubuni. Ndani ya sentensi za programu huwamo nafasi za kujazwa: alama ya asilimia na herufi d huashiria namba, alama ya asilimia na herufi s huashiria matini. Mfasiri akiandika Kiswahili kizuri, mara nyingi hubadili mpangilio wa maneno, na nafasi hizo zikabadilishana bila yeye kutambua. Programu itaichukua namba na kuitafuta kana kwamba ni anwani ya matini, nayo yaweza kufa papo hapo. Yaani sentensi iliyokusudiwa kumweleza mtumiaji kosa ndiyo inayomletea kosa jipya. Gettext ina dawa mbili: nafasi zinaweza kupewa namba za mpangilio, na programu ya kukusanya tafsiri, msgfmt, ikiagizwa, hukagua kama nafasi za tafsiri zinaoana na za asili. Ukaguzi huo ni wa kimashine na wa haraka, na tafsiri yoyote isiyoupitia haifai kutolewa.

Upatanisho wa kisarufi ni mgumu zaidi. Chukulia sentensi yenye nafasi moja ya matini ikifuatiwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kufutwa. Kwa Kiingereza jina lolote laweza kuingia. Kwa Kiswahili kituo kimefutwa, mstari umefutwa, faili limefutwa, amri imefutwa. Kiambishi cha kitenzi kinategemea ngeli ya jina ambalo mfasiri hajaliona bado. Hakuna kiambishi kimoja kitakachozitosha ngeli zote. Sentensi ya namna hiyo haitafsiriki, na kosa ni la aliyeiandika vipande vipande, si la Kiswahili.

Wingi unaleta mkasa wa aina hiyo. Waandishi wa zamani wa programu walikuwa na mazoea ya kuongeza herufi s mwishoni mwa jina namba inapozidi moja. Wingi wa Kiswahili huonekana zaidi mwanzoni, tena hausimami kwenye jina pekee: kituo 1 kimewekwa, vituo 3 vimewekwa. Gettext huruhusu kila lugha iwe na maumbo yake ya wingi, na Kiswahili hutosheka na mawili, moja la namba 1 na jingine la namba nyingine zote, ikiwamo sifuri. Sharti ni kwamba mfasiri apewe sentensi nzima.

Je, majaribio yanaweza kujitenga na lugha? Kwa kiasi, ndiyo. GDB ina namna nyingine ya kuzungumza, iliyotengenezwa kwa ajili ya programu nyingine na si kwa ajili ya watu, ambamo jibu huanza na alama maalumu ya kufaulu au ya kosa, na kila thamani hutajwa kwa jina lake. LLDB, kitatuzi kilichoanza kujulikana mwaka 2010, hupimwa kwa sehemu kubwa kwa kukiita kutoka ndani ya lugha ya Python na kuuliza thamani yenyewe badala ya kuisoma sentensi. Njia hizi hupunguza udhaifu wa ruwaza. Hata hivyo hazimsaidii anayesoma sentensi kiooni, kwa kuwa zimeipita sentensi hiyo kando.

Kinachohitajika ni tabaka la pili la majaribio, dogo kuliko la kwanza, litakaloendeshwa katika mazingira ya Kiswahili kwa makusudi. Halina haja ya kurudia hesabu zote. Latosha kuifikia kila sentensi iliyotafsiriwa angalau mara moja, kuhakikisha kwamba kitatuzi hakianguki, kwamba nafasi zimejazwa kwa mpangilio wake, na kwamba kiambishi cha kitenzi kinapatana na jina katika umoja na katika wingi. Kazi hii ya mwisho ni ya mwanaisimu. Fundi anaweza kuandika utaratibu wa kutuma amri, lakini ruwaza inayosema kwamba ki- lifuatwe na ki- na vi- lifuatwe na vi- hutoka kwa mtu aliyesoma ngeli.

Kwa Kisangani linabaki swali la Kiswahili kipi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini mwanafunzi wa Tshopo husoma hisabati kwa Kifaransa na huzungumza sokoni Lingala na Kiswahili ambacho upatanisho wake hautofautishi ngeli kama usanifu unavyofanya. Asemapo “batu” badala ya “watu” hakosei lugha yake. Ruwaza iliyofungwa kwenye umbo sanifu itahukumu umbo hilo kuwa kosa, na ruwaza iliyofunguliwa kupita kiasi itakubali lolote. Ruwaza yaweza kuandikwa ikubali wa- au ba- mahali pamoja. Ni suala la herufi mbili ndani ya mabano. Kuamua kama ziandikwe au zisiandikwe si kazi ya mashine, na kwa sasa hakuna faili la jaribio ambalo mtu angeweza kulifungua na kukuta uamuzi huo umekwisha kutolewa.